Mwana Hatupwi

Ibra, Ijumaa, 4 Mei 1984

Leo Baba kataja siku. Harusi yangu na Marzouq itakuwa baada ya Iddi Kubwa, tende zikishavunwa na joto likishapungua. Bibi Bimdogo, mama yake Baba, kapiga vigelegele peke yake uani mpaka majirani wakachungulia. Mama kamwambia, "Mama, bado miezi minne." Bibi kajibu, "Mimi nishapiga vyangu. Ukifika wakati nikiwa sipo, msiseme sikupiga."

Marzouq ni mtu wa Sur, mji wa pwani. Wazee wake walikaa Bujumbura, kwa hivyo Kiswahili chake si cha Unguja kama chetu. Akisema "tuko na gari", Ami Soud, ndugu yake Baba, hucheka hata kahawa ikammwagikia. Marzouq naye hucheka. Kasoma kilimo Uholanzi, na sasa kazi yake ni kuzunguka mashamba ya Sharqiyah, mkoa wetu huu, kupiga dawa mitende iliyoingia wadudu. Kila akija kwetu macho yamemwiva kwa ile dawa, na Bibi humpa maji ya waridi ayaoshe.

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Nataka niukumbuke msimu wangu wa mwisho katika nyumba hii.

7 Mei

Joto. Wanafunzi wamelala juu ya madawati. Nami nusura.

Ijumaa, 11 Mei

Leo pametokea jambo, nami sijui nilipime vipi.

Baada ya sala wanaume walikaa sebuleni kwa kahawa kama desturi. Mimi na Mama tulikuwa nyuma ya mlango tunapanga sahani za tende, kwa hivyo nimesikia yote. Ami Soud alisikia redioni kwamba Uholanzi mtu akikutwa na bangi kidogo hafungwi. Akamgeukia Marzouq, "Wewe ulikuwa huko. Ni kweli au uzushi wa redio?"

Marzouq akasema ni kweli.

"Na wewe waonaje?"

Angeweza kusema "Allahu aalam" akanywa kahawa yake. Lakini Marzouq ukimuuliza jambo hulifikiria kweli, kisha hukujibu. Akasema, "Ami, bangi ni mbaya, siitetei. Lakini nimeona vijana huko wakishikwa nayo wanapelekwa kwa daktari, wanarudi makwao. Kijana ukimtupa jela pamoja na wezi kwa msokoto mmoja, anatoka mwizi. Kifungo hakimponyi mtu."

Nilisikia hata kikombe kikiwekwa chini.

Kisha Baba akasema, na Baba hana kawaida ya kupaza sauti, "Mimi hata angekuwa mwanangu wa kumzaa, ningempeleka kwa askari kwa mkono wangu. Hatukuikimbia Unguja roho mkononi tukaja kulea wavuta bangi."

Wote wakaitikia, wallahi, kweli, sadakta. Kaka yangu Hamed, aliyekuwa akizungusha dalla ya kahawa, ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Marzouq aliaga mapema. Mlangoni alimwambia Bibi, "Leo nimesema vibaya?" Bibi akamjibu, "Umesema vizuri mbele ya watu wabaya wa kusikia. Nenda, mwanangu."

14 Mei

Shuleni mwalimu mwenzangu Fawziya kanivuta pembeni. "Shoga, nisamehe, lakini nimesikia mchumba wako anavuta." Nikamuuliza kasikia kwa nani. Ati kwa mumewe, naye kasikia sokoni. "Na hayo macho yake mekundu?" Nikamwambia ni dawa ya mitende. Kanitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

Basi siku tatu tu. Alisema wavutao wasifungwe, na sasa yeye ndiye mvutaji.

15 Mei

Upepo wa moto tangu asubuhi. Mama kakataa kunijibu kila ninapomtaja Marzouq.

20 Mei

Nimemuuliza Bibi kama Unguja bangi haikuwako. Kacheka. "Ilikuwako tangu mimi kigoli. Pale mtaani kwetu palikuwa na bwana mmoja mpika halua, hodari, halua yake ikiliwa mpaka kwa wakubwa. Akivuta. Kila mtu akijua. Tukimcheka, mke wake akimgombeza, na akishindwa kuamka watu humwendea kumwamsha maana harusi zinangoja halua. Alipokufa alizikwa na mtaa mzima."

"Kwa hivyo haikuwa vibaya?"

"Nani kasema? Mkewe alilia maisha yake yote. Watoto walikwenda shule bila viatu. Lakini akilia nasi, tukijua analilia nini. Hakuna aliyemfungia mlango."

Kisha akasema, "Huku tumekuja wageni, mjukuu wangu. Mgeni huogopa kusemwa kuliko kufa. Baba yako akisikia 'hawa Wazanzibari', hata chakula hakimpiti."

26 Mei

Marzouq hakuja Ijumaa. Kapiga simu, Baba kapokea, kasema niko shuleni. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

2 Juni

Ramadhani imeingia. Mama anakaanga sambusa na machozi yanamtoka, ati vitunguu.

Ijumaa, 8 Juni

Imekwisha.

Ami Soud alikuja baada ya futari, wakajifungia na Baba. Kisha nikaitwa. Baba hakunitazama. Alisema msikitini kuna mtu kamuuliza mbele za watu kama ni kweli anamwoza bintiye kwa mvuta bangi. Kasema dhahabu ya posa niliyoletewa na akina Marzouq atairudisha kesho, na Ami Soud ndiye atakayeipeleka Sur.

Nikamwambia, "Baba, unamjua. Hata sigara havuti, moshi wa jiko tu unamkohoza."

"Najua nijuacho."

"Basi umwambie huyo aliyekuuliza."

Ami Soud akaruka, "Tangu lini mtoto wa kike anafundisha watu sebuleni?"

Nikamjibu nikimtazama Baba, "Mimi namtaka."

Baba akasema taratibu, "Hukuulizwa, Shukriya."

Nimekwenda kulala kwa Bibi. Kanishika kichwa mpaka daku.

9 Juni

Dhahabu imepelekwa.

10 Juni

Sikuandika kitu cha kusomeka.

17 Juni

Bi Ghaniya, mama yake Marzouq, kapiga simu kwa Bibi. Hakutukana. Kasema, "Dhahabu tumepokea, salama. Mwambieni Shukriya mwanangu hana kinyongo naye." Kisha sauti ikamkatika, simu ikakatika nayo.

1 Julai

Iddi. Wageni wengi. Wanawake walinipa mkono kwa upole, kama matangani. Mmoja kaninong'oneza, "Mungu kakuepusha." Nikamwitikia amin.

10 Julai

Mabsli zimeiva. Tende hizi hazingojwi zilainike. Huangushwa zingali njano, zikachemshwa katika masufuria makubwa ya shaba, kisha huanikwa juani. Shamba zima moshi na mvuke wa sukari. Hamed yuko shambani kutwa, ati anasimamia. Baba kamsifu mbele ya watu.

Hamed ana duka la spea hapa Ibra, na kila baada ya muda huenda Dubai na pikapu yake kuchukua mali. Tangu zamani ndiye aliyenichekesha. Mwezi huu hata naye hatazamani nami.

12 Julai

Niandike yote.

Alasiri Mama alinituma shambani na chakula cha wachemshaji. Hamed hakuwako kwenye masufuria. Nikaenda kumtafuta nyuma ya nyumba ya pampu, na kabla sijamwona nikaisikia harufu. Si tende, si kuni. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, na msokoto mkononi. Aliponiona alicheka. Kisha kicheko kikageuka, akalia kama alivyokuwa akilia mdogo, mdomo wazi.

Nikamwambia, "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Dubai."

"Na ulisimama sebuleni ukisema sadakta."

"Ningesema nini, Shukriya? Ningesema nini mbele ya Baba?"

Nilitaka kumpiga. Badala yake niliketi kando yake. Naye akaniambia jambo ambalo ningependa nisingelisikia. Marzouq anajua. Alijua tangu Rajabu. Alimkuta kwenye gari barabara ya Al Kamil, hajiwezi, akamchukua mpaka kwao Sur, akamlaza. Tangu hapo akimpitia kila Alhamisi, wakienda Sur au Ras al Hadd kuvua samaki, ili tu usiku wa mapumziko usimkute na wenzake wavutaji. Bi Ghaniya akimpikia, akimwita mwanangu.

"Miezi miwili sikugusa," Hamed kasema. "Wallahi sikugusa. Mlipomrudishia dhahabu yake sikuweza tena kwenda kwao. Ningemtazama vipi mama yake?"

"Kwa nini Marzouq hakusema? Neno moja tu lingemtoa."

"Nilimwambia aseme. Nilimpigia simu, nikamwambia, nitaje mimi. Akaniambia alichokiona kwangu ni amana, na amana haiuzwi kwa harusi."

Nilirudi nyumbani mbio. Nilimkuta Mama jikoni. Nikamwambia, "Mama, Hamed anavuta bangi, na Marzouq..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, mkono una unga. "Nyamaza. Baba yako anajua."

Sikufahamu. Nikadhani anasema Baba anajua kuhusu leo.

"Anajua tangu mwaka jana," kasema Mama. "Aliikuta bangi garini mwake. Alilia, Shukriya. Sijapata kumwona akilia, hata siku tuliyotoka Unguja."

Kwa hivyo Ijumaa ile, aliposema angempeleka mwanawe kwa mkono wake, alikuwa anajua. Aliporudisha dhahabu, alikuwa anajua.

13 Julai

Nimemwendea Baba asubuhi anapokunywa chai. Nikamuuliza swali moja tu, vipi kaweza.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitia sukari, akakoroga, akasema, "Mwana hatupwi, Shukriya. Mchumba hurudishwa. Watu walishaanza kunusa. Walipomshika Marzouq, wakaacha kunusa huku kwetu. Sikuwatuma. Nimewaacha tu."

Kisha kasema wamemtafutia Hamed mke. Akioa atatulia.

16 Julai

Mitende inapigwa dawa na kijana mwengine, Mmisri.

20 Julai

Wamekwenda kumposea Hamed. Wamekubaliwa. Ami Soud kawasifia: kijana wa kazi, kijana wa msikitini.

Nimemwambia Hamed akatae, atafute daktari kwanza. Kasema, "Daktari gani, nikamwambie nini? Nikifungua mdomo si daktari tena, ni askari." Hapo ndipo nimefahamu Marzouq alikuwa akisema nini, na akimsemea nani.

25 Julai

Hamed kaenda Dubai kuchukua mali. Kaniaga vizuri. Kaniuliza nataka nini, nikamwambia sitaki kitu.

28 Julai

Simu imelia kabla ya adhuhuri. Hamed kashikwa kwenye kizuizi cha askari barabarani, karibu na Nizwa. Wameikuta ndani ya tairi la akiba. Ni bangi nyingi kuliko ya mtu mmoja, kasema afisa. Baba kakaa chini pale pale penye simu, juu ya vigae, na mkono wa simu unaning'inia.

29 Julai

Baba na Ami Soud wako Nizwa.

31 Julai

Wamerudi. Wamemwona kwa dakika chache. Hamed kawaambia kwamba wenzake walimpa abebe, na yeye alikuwa akidaiwa nao wema mwingi. Kasema hakuuza hata siku moja. Baba anamwamini. Mimi pia. Lakini sisi si mahakimu.

Wazee wa yule msichana wameivunja posa kwa simu. Hawakusema sababu.

Ijumaa, 3 Agosti

Nilidhani hakuna atakayekuja sebuleni leo. Wamekuja wote. Nilipeleka kahawa mpaka mlangoni, nikasimama.

Baba alikuwa akisema, "Ni mtoto. Kakosea. Sasa mtoto ukimtia jela pamoja na wezi, atatoka nini? Kifungo kitamponya? Si bora wangempeleka kwa daktari?"

Na Ami Soud akasema, "Kweli, ndugu yangu." Na wengine wakasema kweli, wallahi, ni kweli. Mzee mmoja akawa anafuta macho.

Nilitafuta usoni mwa kila mmoja kama kuna anayekumbuka nani aliyeyasema kwanza maneno haya, katika chumba hiki hiki. Sikuona. Labda Baba tu. Aliinua macho akaniona mlangoni, akayateremsha.

Nilimwonea huruma. Sikuitaka huruma hiyo, lakini imenijia.

9 Agosti

Baba kasema tutakwenda Sur.

14 Agosti

Tumetoka alfajiri: Baba, Bibi, Mama na mimi. Tulipokaribia bahari Bibi alisema, "Humoud, ukifika, usianze na harusi. Anza na msamaha." Baba kasema, "Najua, Mama."

Bi Ghaniya katupokea kama kwamba tulikuwa tukija kila wiki. Kaleta halua, kaleta kahawa, kamuuliza Mama habari za Hamed akashindwa kuendelea, wakakumbatiana. Marzouq kaingia. Kakonda. Kamshika Bibi mkono, "Shikamoo Bibi." Mimi kaniambia, "Hujambo, Shukriya." Nikamwambia sijambo. Hayo tu baada ya yote.

Baba kaomba radhi. Kaomba vizuri, sitamdhulumu. Kasema alikosea, na kama Marzouq bado ananitaka, yeye yuko radhi hata kesho.

Bi Ghaniya ndiye aliyesema. "Shekhe Humoud, mimi kwetu Bujumbura nilizoea watu kusema. Lakini mwanangu kaitwa mvuta bangi mpaka kazini. Kuna mashamba wamemkataza kuingia. Ami yake kamwambia asiswalishe. Nani atarudi kusema si kweli?"

Baba kasema watu watasahau.

"Watasahau nani kasema," Marzouq kasema. "Hawatasahau nini kimesemwa. Ami, sitaki kitu kikubwa. Ijumaa moja tu. Sebuleni kwako, mbele ya watu wale wale, useme, 'Marzouq hajavuta kamwe, nami nilikuwa najua.' Ukisema hivyo, nitakuja na dhahabu siku ya pili yake."

Niliuona uso wa Baba. Neno lililomchoma si la kwanza, ni la mwisho. Nilikuwa najua.

"Nitasema hukuvuta," Baba kasema.

"Na la pili?"

"La pili litanimaliza, mwanangu. Nina mwana jela. Imebaki hiyo heshima tu ya kumwombea kwa wakubwa."

Marzouq katikisa kichwa, si kwa hasira. Kasema, "Nafahamu, Ami." Kisha kanitazama mimi, mara hiyo moja. "Shukriya, mimi nilisema kweli kwenu mara moja. Nikiingia tena hivi hivi, itanibidi nichague maneno maisha yangu yote, nawe utakuwa ukiniona ninavyochagua."

Nilisema, mbele ya wote, kwamba hata hivyo nitakwenda naye, leo, bila harusi ya watu. Mama akapiga kelele ndogo. Marzouq macho yakamjaa. Akasema, "Na nani atabaki na mama yako, na Hamed yuko ndani?"

Nikamtazama Mama, nikamshika mkono.

Garini Baba kasema, "Anataka kunivua nguo mbele za watu." Bibi akamjibu kutoka nyuma, "Zake umezivaa wewe, Humoud."

Ijumaa, 17 Agosti

Nimesimama nyuma ya mlango tangu kahawa ya kwanza mpaka wa mwisho alipovaa viatu. Baba hakusema.

Ijumaa, 24 Agosti

Baba kasema Marzouq ni kijana mzuri, na kwamba watu walimsingizia. Ami Soud kasema, "Allahu aalam." Baba akanyamaza.

27 Agosti

Tende za mwisho zimeshushwa. Mavuno mazuri, wanasema.

Ijumaa, 31 Agosti

Baba hakusema.

6 Septemba

Iddi Kubwa jana. Tumechinja. Leo Bi Ghaniya kampigia Bibi: Marzouq kahamishiwa Salalah, mbali kusini, kaomba mwenyewe. Kaondoka kabla ya Iddi.

Bibi kaniambia taratibu, akishika goti langu. Nilimwambia asijali, nilikuwa najua. Sikujua.

15 Septemba

Shule imefunguliwa. Fawziya kanikumbatia, kasema, "Pole ya kaka yako. Vijana wetu maskini, wanaponzwa." Nimemwambia ahsante.

19 Septemba

Hamed kahukumiwa miaka mitatu. Baba karudi, kalala na nguo zake za safari. Nilimfunika. Nilimvua na kilemba, nikaona kichwa chake kimekuwa cheupe chote.

28 Septemba

Leo tumeruhusiwa kumwona Hamed, mimi na Mama.

Wamemnyoa. Kavaa nguo kubwa kuliko mwili wake, na mkononi ana kovu jipya ambalo hakutaka Mama aulize. Alitaka habari za kila kitu. Bibi anakula? Mabsli zilitoka vipi? Duka nani anafungua? Mama akawa anamjibu huku akimkuna mgongo wa mkono kwa kidole, vile alivyomzoea tangu mdogo.

Kisha akanigeukia. "Baba kaniambia mwezi uliopita kwamba mlikwenda Sur."

"Tulikwenda."

"Alhamdulillahi," kasema, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza. "Usiku humu silali, Shukriya. Nawaza nilivyokuharibia. Kisha najiambia, angalau mimi kushikwa kumemtoa Marzouq. Angalau hilo limerudi. Nikifikiri hivyo napata usingizi kidogo. Harusi lini?"

Mama aliacha kumkuna mkono.

Nilimtazama kaka yangu. Nikasema, "Mfungo Sita, inshallah. Baada ya Maulidi."

"Msinisubiri."

"Hatukusubiri. Bibi kakataa, ati yeye atakufa."

Akacheka. Akacheka kweli, akajipangusa macho kwa mkono wa kanzu. Akataka kujua itakuwa Ibra au Sur. Nikamwambia Sur, nyumbani kwa Bi Ghaniya, halafu siku ya pili kwetu. Akauliza nguo. Nikamwambia ya kijani, nimeshaishona. Askari akagonga mlango, muda umekwisha, na Hamed akawa bado anauliza, anasimama huku anauliza, nani watapiga ngoma, nani nimewaalika. Nikawa namtajia majina, mmoja mmoja, mpaka mlango ukafungwa.